Chai ya Kericho na Jamaa Zake wa Assam

Neno “chai” lilitufikia kupitia Bara Hindi na Uajemi, nao walilipata China. Wakipsigis wakalitia mkia wa lugha yao, wakasema chaiik. Mmea wenyewe una safari yake pia. Michai mingi ya Kericho na Bomet ni ya jamii ya Assam, jimbo la kaskazini mashariki mwa India, ambako Wasingpho walikunywa majani yake kabla ya Mskoti Robert Bruce kuyaona mwaka 1823.

Lakini ukiniuliza mimi, mche ulikuwa mzigo mwepesi. Mzito ulikuwa utaratibu. Huko Assam, Waingereza waliiita ardhi “nyika tupu”, wakaitwaa, kisha wakaleta vibarua kutoka mbali na kuwapanga kwenye laini za nyumba mlemle shambani. Sasa hebu tazama Kericho. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ardhi ya Wakipsigis waligawiwa maafisa majeruhi wa jeshi la Uingereza. Wakapanda kitani, bei ikaporomoka, na miaka ya 1920 Brooke Bond ikaingia. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ukafukuzwa hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Wachumaji wengi wakatolewa Kisii na Nyanza.

Leo kampuni tunaiita “mwekezaji”, neno linaloanza kuhesabu siku ile mgeni alipofika. Na Mtalai aliyezaliwa Gwassi, akarudi Kericho asipate hata robo ekari? Huyo tunamwita “skwota”.