Taa za Blackpool: Mji uliojitengenezea msimu

Katika miji mingi ya ufukweni nchini Uingereza, Septemba ni mwezi wa kufunga virago. Shule zinafunguliwa, upepo wa baharini unaanza kuuma, na wenye nyumba za wageni wanakaa kuhesabu walichochuma, wakijiuliza kama kitawavusha hadi Pasaka. Blackpool, mji wa pwani ya Lancashire kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, una desturi tofauti. Wenzake wakifunga, wenyewe ndio kwanza unawasha taa: zaidi ya balbu milioni moja, zinazofuata bahari kwa karibu kilomita 10, kutoka Starr Gate upande wa kusini hadi Bispham upande wa kaskazini. Watu huja kwa treni, kwa mabasi ya kukodi na kwa magari yao, bibi amempakata mjukuu, kuja kutazama taa. Hakuna kiingilio.

Desturi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ni kazi ya baraza la mji na wafanyabiashara waliokaa chini wakalitazama tatizo la msimu kushoto na kulia, kisha wakatoa fedha za umma kulitatua. Ndiyo maana historia yake inastahili kusomwa na kila anayeishi kwa kutegemea wageni wa ufukweni, popote alipo.

Blackpool ni mtoto wa pamba. Kabla ya reli kuufikia mwaka 1846 ulikuwa mahali padogo pa matajiri wachache waliokuja kuoga maji ya chumvi kwa ajili ya afya. Reli iliwaleta wafanyakazi wa viwanda vya nguo kutoka Oldham, Bolton, Blackburn na Burnley. Miji hiyo ilikuwa na utaratibu wake wa likizo: kila mmoja ulichagua juma lake katika kiangazi, na juma hilo viwanda vyote vya mji vilifungwa kwa pamoja. Mitambo ilizimwa, mafundi wakapata nafasi ya kusafisha na kukarabati, na mitaa ikabaki mitupu kwa kuwa karibu kila mwenye uwezo alikuwa amekwenda baharini. Likizo haikuwa na malipo. Wafanyakazi waliweka senti kidogo kidogo mwaka mzima katika vikundi vya akiba vya kiwandani, kisha wakazitumia zote kwa siku chache. Sheria ya likizo yenye malipo ilikuja mwaka 1938 tu.

Pamba hiyo ilikuwa na mkono wake hata huku kwetu. Mwaka 1902 wenye viwanda vya Lancashire waliunda chama cha kukuza kilimo cha pamba katika makoloni ya Uingereza, na muda si mrefu mbegu zikaanza kugawiwa kwa wakulima wa Uganda. Viwanda vya Manchester navyo vilichapa kanga zilizovaliwa Mombasa na Unguja. Mkulima wa Buganda na mfumaji wa Oldham hawakuwahi kuonana, lakini walikuwa katika mnyororo mmoja, na sehemu ya ujira wa yule wa pili iliishia kwenye nyumba za wageni za Blackpool.

Kwa mji wa ufukweni, utaratibu wa miji kupokezana majuma ulikuwa baraka, kwani wageni hawakuja wote kwa mkupuo. Lakini baraka hiyo ilikuwa na mwisho. Ikifika katikati ya Septemba, mji wa mwisho umekwisha kula likizo yake, na Blackpool inabaki na vitanda, wapishi na wanamuziki wasio na wa kumhudumia.

Mwaka 1879 baraza la mji lilifanya mambo mawili. La kwanza ni la kisheria, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi: lilipata kibali cha Bunge cha kutumia sehemu ya kodi ya majengo kuutangaza mji. Kwa miaka mingi hapakuwa na mji mwingine Uingereza wenye ruhusa ya namna hiyo. Mabango ya Blackpool yakaanza kubandikwa kwenye vituo vya reli vya miji ya viwanda, yakiwakumbusha watu bahari katikati ya moshi. La pili lilifanyika Septemba ya mwaka huohuo. Taa nane za umeme zilisimikwa kwenye barabara ya ufukweni. Taa hizo hazikuwa balbu tunazozijua. Kila moja ilikuwa na vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribiana, umeme ukaruka katikati yao na kutoa mwanga mweupe mkali, huku injini za mvuke zikizungusha mitambo ya kuzalisha umeme wenyewe. Maelfu kwa maelfu ya watu walifurika kuuona mwanga huo. Thomas Edison alikuwa bado hajapewa hataza ya balbu yake nchini Marekani.

Tangu hapo umeme ukawa sehemu ya jina la mji. Septemba 1885 ilizinduliwa tramu ya umeme kando ya bahari, mojawapo ya za mwanzo kabisa duniani. Kwanza ilivuta umeme kutoka kwenye mfereji uliopita katikati ya reli, na hapo bahari ikawaonyesha wahandisi kazi: mchanga uliziba mfereji, maji ya chumvi yakamwagika juu ya nyaya, tramu zikasimama. Mwaka 1899 wakakubali yaishe, nyaya zikapandishwa juu ya nguzo. Miaka mitano kabla ya hapo, Mei 1894, Mnara wa Blackpool wenye urefu wa mita 158 ulikuwa umefunguliwa, baada ya meya John Bickerstaffe kuuona Mnara wa Eiffel jijini Paris na kutamani mji wake uwe na wa kwake.

Tukio lenyewe la taa lilizaliwa Mei 1912. Binti wa kifalme, Louise, alikuja kufungua kipande kipya cha barabara ya ufukweni, na baraza likapamba njia kwa mashada ya balbu zipatazo 10,000. Mgeni akaenda zake. Wafanyabiashara na magazeti ya mji ndio waliouona mlango uliofunguka: waliliomba baraza zirudi Septemba, msimu unapokaribia kufungwa. Zilirudi, na wageni wakarudi nazo. Mwaka uliofuata zikawashwa tena.

Kwa nini Septemba ikafaa kuliko Juni? Msomaji wa pwani yetu, ambako jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, anahitaji kuliona jambo hili kwa macho ya kule. Mwishoni mwa Juni, jua la Blackpool linazama karibu saa tatu na robo tatu usiku, na hata hapo anga halitii giza upesi. Nani atazitazama taa za rangi mbinguni kukiwa bado kweupe, na watoto wamekwisha kulala? Mwanzoni mwa Oktoba jua linazama kabla ya saa moja jioni. Saa za nchi zikirudishwa nyuma mwishoni mwa mwezi huo, giza linaingia kabla hata chai ya jioni haijanywewa. Msimu wa mapukutiko, uliowafukuza wageni kwa giza na baridi yake, ndio hasa unaohitajika ili taa zionekane. Wafanyabiashara wa 1912 waliligeuza giza kuwa bidhaa, na sijui ubunifu mkubwa kuliko huo katika historia ya utalii wa ufukweni.

Vita vya kwanza vya dunia vilizizima, zikawashwa upya mwaka 1925. Mwaka huo tramu moja ilivishwa umbo la gondola, mashua ya Venice, ikametameta kwa balbu kutoka pua hadi tezi. Mwaka uliofuata ikaja nyingine yenye umbo la mashua ya uokoaji. Mwaka 1932 yaliongezwa majukwaa ya picha kubwa zinazocheza kwa taa, na njia ikarefushwa kufikia Bispham, mpaka inaoishia hata leo. Desturi ya kumwalika mtu mashuhuri abonyeze swichi ilianza mwaka 1934 kwa Lord Derby. Orodha iliyofuata inaonyesha mji usio na kiburi katika kuchagua wageni wake wa heshima: mwanasoka Stanley Matthews mwaka 1951, balozi wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1955, mwigizaji Jayne Mansfield mwaka 1959, na mwaka 1977 farasi Red Rum, aliyekuwa ametoka kushinda mbio za Grand National kwa mara ya tatu.

Mwaka 1939 unaumiza kuusoma. Tarehe 31 Agosti taa ziliwashwa kwa onyesho la awali. Kesho yake Ujerumani iliivamia Poland, na amri ya kuficha kila mwanga usiku ikaanza kutumika Uingereza nzima. Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini nchi haikuwa na nishati ya kuchezea, hivyo Blackpool ikangoja hadi 1949.

Hata tramu zenyewe zina deni kwa taa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960, miji ya Uingereza iling'oa reli za tramu mmoja baada ya mwingine ili kuyapisha mabasi na magari. Blackpool haikung'oa za ufukweni. Badala yake, mwaka 1961 iliunda tramu yenye umbo la roketi, na mwaka uliofuata nyingine kama garimoshi la magharibi mwa Marekani. Hadi Manchester ilipojenga upya mtandao wake mwaka 1992, hapakuwa na mji mwingine wa Uingereza bara wenye tramu za umeme barabarani.

Anayekwenda leo ana njia tatu za kuziona. Walio wengi hukaa ndani ya gari na kusogea kwa mwendo wa kobe kwenye foleni. Usiku wa Jumamosi huo ni mtihani wa subira. Tramu ni bora zaidi. Lakini majukwaa ya picha yaliyoko upande wa kaskazini, kuelekea Bispham, yanamtaka mtu atembee kwa miguu, avae koti zito, asimame mbele ya kila moja hadi mchezo wake uishe. Mwezi Septemba kuna pia mashindano ya fataki juu ya bahari. Mvua ikikataa kukatika, ukumbi wa dansi wa Mnara uko wazi, ule uliofunguliwa mwaka 1899 na ambamo Reginald Dixon alipiga kinanda kuanzia 1930 hadi 1970.

Kuna pia peremende. Kijiti cha Blackpool kina jina la mji ndani yake, na hata ukikikata wapi, herufi zinaonekana. Fundi huanza kwa kuunda kila herufi kubwa, nene, kwa vipande vya sukari ya rangi iliyo bado moto na laini. Huzipanga kuzunguka sukari nyeupe, huzifunika kwa tabaka jekundu au la waridi, na kupata gogo zito ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba kirahisi. Gogo hilo linaviringishwa na kuvutwa, linavutwa tena, hadi linakuwa fimbo nyembamba ndefu, na herufi zikipungua pamoja nalo bila kupotea.

Taa zenyewe hutengenezwa katika karakana ya halmashauri, ambako mafundi umeme, maseremala na wachoraji wana kazi mwaka mzima. Balbu nyingi za zamani zimebadilishwa kwa LED, na gharama ya umeme imeshuka sana.

Swali la fedha halijaondoka. Tathmini ya serikali ya mwaka 2019, kwa baadhi ya vipimo vyake, iliiweka Blackpool namba moja kwa ufukara kati ya halmashauri 317 za England. Viwanda vya pamba vimekufa, ndege za bei nafuu zinawapeleka wajukuu wa wafumaji Hispania, na wapo wanaouliza kwa nini mji wenye dhiki kiasi hicho uwashe balbu milioni. Hoja yao ina uzito. Lakini mgeni asiyelipa kiingilio hulipia kitanda, chakula, tramu na peremende, katika miezi ambayo vinginevyo isingeingiza kitu. Mwaka 2020, korona ilipokuwa imewapokonya wafanyabiashara kiangazi chote, halmashauri haikuzima taa Novemba kama ilivyozoea. Iliziacha hadi mwanzoni mwa Januari, na miaka iliyofuata ikaendelea hivyohivyo.