Mtoto wa Kariakoo na Ndoo ya Pili



Msimu wa masika, mto Msimbazi ukifurika, maji hujaa Jangwani mpaka barabara ya Morogoro inafungwa, na watu wanaotoka Magomeni kuja mjini wanageuza njia. Siku hiyo hiyo, upande wa Kariakoo, katika Mtaa wa Msimbazi, Mkunguni na Sikukuu, utaona mikokoteni iliyopakiwa madumu ya manjano ya lita 20 ikipenya katikati ya wanunuzi na mafurushi ya vitenge. Vijana wanaoisukuma wanauza maji. Mji una maji ya kubomoa nyumba za watu, lakini maji ya kumwogesha mtoto yananunuliwa kwa dumu.

Kila linapotajwa tatizo la maji katika mji wetu, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye mitambo, mabwawa na mamilioni ya lita. Hayo ni mambo makubwa na siyadharau. Lakini mtoto wa miaka miwili hanywi mtambo. Leo nataka tuangalie historia ya kile kipande kifupi kabisa cha safari ya maji, yaani kutoka kwenye bomba mpaka kwenye beseni la mtoto, kwa sababu nadhani hapo ndipo maisha ya watoto wa mji huu yalipoamuliwa, na bado yanaamuliwa.

Tuanzie Unguja. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia huko kikaua watu maelfu kwa maelfu. Daktari mmoja Mskochi, James Christie, aliyekuwapo Unguja wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikatoka mwaka 1876. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyavuta maji kwa mfereji kutoka Chemchem, upande wa Bububu, mpaka mjini, na watu wakachota bure. Kwa kiongozi wa zama zile lilikuwa jambo kubwa, na wazee wa Unguja hawajalisahau. Huku bara, mji ambao kaka yake Seyyid Majid alianza kuujenga katika miaka ya 1860 ulikuwa umelala tangu alipofariki mwaka 1870. Watu wa Dar es Salaam walikunywa maji ya visima vyao.

Wajerumani wakaja, na mwaka 1891 wakaufanya mji huu kuwa makao makuu yao. Mwaka mmoja tu baadaye, 1892, kipindupindu kiliingia Hamburg, kule kule zilikotoka meli za Deutsche Ost-Afrika Linie zilizokuwa zikitia nanga hapa bandarini. Hamburg walikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Walikufa watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona, uliopakana nao ukuta kwa ukuta, ulikuwa unayachuja maji yake kwa mchanga, na uliponea chupuchupu. Kuna mahali mpaka wa miji hiyo miwili ulipita katikati ya mtaa mmoja: upande huu watu walikufa, upande ule walipona. Robert Koch, mtaalamu mkubwa wa vijidudu, ndiye aliyetumwa Hamburg kuchunguza. Koch huyo huyo alikuja mpaka hapa Dar es Salaam miaka michache baadaye kuchunguza malaria.

Kwa hiyo tusiseme kwamba watawala wa zama zile hawakujua. Walijua vizuri sana kwamba maji safi yakifika katika kila nyumba, maradhi yanarudi nyuma. Lakini hapa walichagua njia nyingine, nayo ni kuwatenga watu. Kwanza zilitungwa sheria za ujenzi zilizosema nyumba ya namna gani ijengwe wapi. Kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza ikapimwa mitaa ya makazi ya Waafrika, katika eneo lililokuwa shamba. Vita vikaja, Waingereza wakaweka pale kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na watu wetu, kwa ufundi wao wa kulainisha maneno, wakapaita Kariakoo. Katika miaka ya 1920 Waingereza wakaukamilisha mpango: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja katikati uwe kama ukuta. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Afya ya nani, hilo halikuhitaji kuulizwa.

Bomba nalo lilifuata ramani hiyo. Nyumba za Uzunguni zilipata maji ndani, jikoni na bafuni. Uswahilini watu walitumia visima, na baadaye mabomba ya jumla na vioski. Palipo na bomba la jumla pana foleni, na mara nyingi mwenye kusimama kwenye foleni ile ni mtoto, hasa wa kike. Maji ya Uzunguni na ya Uswahilini yangeweza kutoka kwenye chanzo kimoja na kuwa safi sawasawa. Tofauti ilikuwa mtoto mmoja anafungua koki, na mwingine anatembea na ndoo kichwani.

Hivi tofauti hiyo ina uzito gani? Jibu lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki, na ni jambo la kujivunia ingawa halitajwi sana. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa jiografia Gilbert White, mkewe Anne, na daktari David Bradley walizunguka vituo 34 vya Kenya, Uganda na Tanzania, Dar es Salaam ikiwamo, wakiwauliza watu maji wanachota wapi, kiasi gani, na kwa muda gani. Kitabu chao kilitoka mwaka 1972. Kabla ya hapo wataalamu wengi walilisema jambo moja tu, kwamba maji machafu yanaua. Bradley alionyesha kwamba yako maradhi mengi ambayo hayaletwi na uchafu wa maji ya kunywa, bali na uchache wa maji ya kuogea na kunawia. Upele ni mmojawapo. Vikope, ule ugonjwa wa macho unaopofusha, ni mwingine. Kuhara kwa watoto wadogo kuna sehemu zote mbili, kwani vijidudu hupita ndani ya kikombe, na hupita pia kwenye mkono wa mama aliyemsafisha mtoto kisha akashika mwiko.

Mwanamke yeyote wa nyumba ya kupanga pale Gerezani angeweza kumweleza Bradley jambo hilo bila kitabu. Ndoo ya kwanza ya siku ina kazi yake: chai, ugali, maji ya kunywa. Hiyo haikosi, hata kama ni ya kukopa. Ndoo ya pili ndiyo ya kumwogesha mtoto, kufua nepi, kuosha vyombo, kunawa mikono baada ya kutoka chooni. Maji yakiwa mbali, au bei ikipanda, inayofutwa ni ya pili. Mtoto hafi kwa kiu. Anahara, anapona, anahara tena, anakonda, na surua au nimonia ikija inamkuta hana nguvu. Hospitalini kitaandikwa kile kilichommaliza. Ndoo iliyokosekana haiandikwi popote.

Sasa turudi kwenye mitambo, maana na yenyewe ina historia yake. Mwaka 1957 mji huu ulikuwa na watu wapatao 129,000. Mwaka 1959 ulifunguliwa mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi, na Dar es Salaam ikaanza kunywa maji ya mto mkubwa. Mwaka 1976, kwa msaada wa Kanada, ukaja mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Kazi nzuri. Lakini sensa ya 1978 iliwakuta watu 843,000, na ile ya 1988 milioni 1 na zaidi ya laki 3. Mabomba yalizeeka, maji yakavuja njiani, umeme ukikatika pampu zikalala. Familia zilizokuwa na bomba uani zikaanza kuamka saa nane za usiku kukinga, na wasio na bomba wakawafuata wao kuomba au kununua.

Miaka 30 baada ya akina White, kundi jingine la wachunguzi, akiwamo Mark Mujwahuzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilirudi katika vituo vile vile. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2001, na mimi nayaona kuwa miongoni mwa matokeo ya kusikitisha kuliko yote yaliyoandikwa juu ya miji yetu. Familia zenye bomba, ambazo zamani kila mtu alitumia kiasi cha lita 128 kwa siku, sasa zilitumia 66. Familia za mjini zisizo na bomba, ambazo zamani zilitumia dakika 28 kwa siku kutafuta maji, sasa zilitumia dakika 92. Dakika hizo ni za nani? Ni za mama, na ni za binti wa miaka kumi ambaye kengele ya shule inalia yeye yuko kwenye foleni. Tena akifika shuleni ana kidumu chake mkononi, maana kizazi baada ya kizazi wanafunzi wa nchi hii wameagizwa kuja na kidumu cha maji na ufagio.

Mwaka 1997, ukame ulipopunguza maji ya Ruvu, vilichimbwa visima vya dharura sehemu nyingi za mji. Vilisaidia, na vingine vinasaidia hadi leo, ingawa karibu na bahari maji yake yana chumvi mpaka sabuni haitoi povu. Visima vifupi ndivyo vya kutisha. Katika mitaa iliyobanana, kisima na choo cha shimo hutenganishwa na hatua chache, na mvua kubwa ikinyesha wako wasioona haya kutapisha vyoo ili mafuriko yachukue. Mwaka huo huo wa 1997 kipindupindu kiliwapata watu zaidi ya 40,000 nchini, na zaidi ya 2,000 wakafa. Mwezi Agosti 2015 kikaanza tena hapa hapa Dar es Salaam, upande wa Kinondoni, kikasambaa mikoani.

Habari ya mashirika nitaipita haraka, kwa kuwa majina yalibadilika kuliko mabomba. NUWA mwaka 1981, DAWASA 1997, kampuni binafsi ya City Water mwaka 2003, kwa mkataba wa miaka 10 ambao Serikali iliuvunja Mei 2005, kisha DAWASCO, kisha mwaka 2018 vyote viwili vikaunganishwa kuwa DAWASA ya sasa. Katikati ya hayo mitambo miwili ya Ruvu ilipanuliwa kwelikweli: Ruvu Chini ikafikia uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu milioni 196.

Na watoto? Tuwe wakweli, hali yao imebadilika sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, 147 hawakufikisha miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Maji hayakufanya kazi hiyo peke yake: chanjo, vyandarua, maji yenye chumvi na sukari kwa mtoto anayehara, na tangu 2013 chanjo ya virusi vinavyoharisha watoto, vyote vina sehemu yake. Lakini mkono wa mama hauna chanjo. Unataka maji na sabuni, na wachunguzi wameona kwamba kunawa kwa sabuni peke yake hupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja.

Pale Kariakoo marehemu Beda Amuli alilichora soko lililofunguliwa mwaka 1975 kwa paa la miavuli ya zege iliyopinduliwa, ili likusanye maji ya mvua. Alifikiri kama mtu aliyewahi kuona ndoo zimepangwa chini ya mchirizi. Maghorofa yaliyoota kulizunguka soko yanayamwaga maji hayo hayo barabarani, kisha yanaita boza.

Oktoba 2022 Ruvu ilipungua, mji ukaingia kwenye mgao. Mwaka huo huo ulitiwa saini mkataba wa bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo mingi, la lita bilioni 190. Likikamilika litausaidia mto usikauke wakati wa kiangazi. Lakini hebu tuitazame nyumba moja ya kupanga ya Kariakoo au Ilala, ya vyumba sita, familia sita, mita moja. Ankara inakuja kwa jina la mwenye nyumba. Wapangaji wanagombana nani ametumia nyingi, nani ana watoto wengi, nani amefua mashuka. Mwenye nyumba akichoka na ugomvi anatia kufuli kwenye koki, anaifungua asubuhi saa moja tu, na kila chumba kinakinga ndoo zake. Mwenye watoto watatu anakinga sawasawa na kapera wa chumba cha mbele. Zikimwishia saa tisa alasiri, anatoka barazani kuusubiri mkokoteni, na bei ya dumu la mkokoteni huzidi ya bomba mara kadhaa. Sheria za maji tunazo, na bei za vioski hupangwa na Serikali. Ila koki ya uani haina anayeikagua, na saa za kuifungua anazipanga mwenye ufunguo.