Kidokezo Potoshi, Mtego Halali wa Tamthilia ya Upelelezi

Katika vipindi 33 vya Inspector Morse, vilivyorushwa na ITV ya Uingereza kati ya 1987 na 2000, mpelelezi anayeigizwa na John Thaw humshuku mtu asiye muuaji tena na tena. Mhakiki wa vipindi hivyo hawezi kwenda mbali bila jina la ile dalili inayompeleka Morse kombo, na mtazamaji pamoja naye.

Waingereza huiita heringi mwekundu, yaani samaki aliyetiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi mpaka akabadilika rangi na kunuka vikali. Mwaka 1807 mwandishi William Cobbett alisimulia jinsi alivyomtumia samaki huyo utotoni kuwapoteza mbwa waliokuwa wakimwinda sungura. Alikuwa akiyasuta magazeti yaliyokimbilia habari isiyo kweli ya kushindwa kwa Napoleon, yakayaacha mambo mazito ya nyumbani.

Tafsiri ya sisisi haifai. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia “samaki mwekundu” atafikiria soko la Feri.

“Dalili ya uongo” nayo inavutia, lakini inaharibu maana, kwa sababu dalili yenyewe huwa ya kweli. Katika The Dead of Jericho, kisa kilichoifungua tamthilia hiyo Januari 1987, Morse anajenga nadharia nzima juu ya mkasa wa Mfalme Edipode wa Sophocles. Hakuna aliyemwongopea, usomi wake ndio uliomponza, na Lewis, msaidizi wake, ndiye anayeibomoa nadharia hiyo.

Kiswahili kina njia safi ya kulieleza hili. Kitu potofu kimepotoka chenyewe. Kitu potoshi humpotosha mwingine, hata kama chenyewe kimenyooka. Kwa hiyo kidokezo potoshi ndilo jina linalostahili. Vijana wangesema dalili hiyo “inazuga”, na kwa mazungumzo neno hilo linatosha, ila mhakiki anahitaji istilahi inayokaa pamoja na taharuki na mbinu rejeshi.

Jina hili linampa pia kipimo. Kidokezo potoshi kizuri hupata maelezo yake kabla kipindi hakijaisha: mshukiwa alidanganya kuhusu usiku ule kwa kuwa alikuwa na aibu nyingine ya kuficha. Kikiachwa kinaning’inia, mtunzi amelaghai, na uhakiki useme hivyo waziwazi.

Mfano mtamu kuliko yote umo kwenye muziki. Barrington Pheloung aliutunga wimbo wa tamthilia hiyo kwa mapigo ya alama za Morse yanayoliandika jina la mpelelezi. Katika baadhi ya vipindi alificha jina la muuaji ndani ya muziki. Katika vingine akaficha la mtu mwingine kabisa, kwa makusudi, awapoteze waliokwisha kuigundua mbinu yake.

Wasomaji wa Muhammed Said Abdulla waliikuta mbinu hii zamani. Katika riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale (1960), maiti inakutwa penye mzimu, na hofu ya mizimu inawatanda watu. Mzimu upo, na imani ya watu ni ya kweli kwao. Mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni, anatafuta mkono wa binadamu.