Kaskazi ya Maskati, Anga la Siberia
Kutoka Maskati hadi Unguja ni takriban kilomita 3,900, mwendo wa saa 5 na ushei kwa ndege. Helsinki hadi Tokyo ni karibu mara mbili ya hapo, na hadi mwanzoni mwa 2022 abiria wa Finnair alifika kwa saa 9 na nusu hivi. Leo abiria huyohuyo hukaa kitini kama saa 13. Miji haijasogea. Urusi ilipoivamia Ukraine, Urusi na nchi za Ulaya zikafungiana anga, na Siberia, njia ya mkato ya Wafini, ikawa haipitiki.

Nahodha wa Oman wa enzi za majahazi hakuhesabu safari yake kwa maili. Alingoja kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi, akapakia tende na chumvi, na upepo ukimkubali alitia nanga Unguja baada ya wiki tatu au nne. Kurudi kulingoja kusi. Katikati palikuwa na miezi ya kukaa pwani: kuuza, kudai madeni, kupakia boriti za mikoko ya Rufiji kwa ajili ya mapaa ya Ghuba, na wengi kuoa. Koo nyingi za mwambao zilizaliwa na kungoja huko.

Saa za ziada za abiria wa Helsinki hazizai ukoo. Anapopitishwa juu ya Ncha ya Kaskazini hupewa cheti cha kumbukumbu, basi. Hata hivyo Wafini wana uzoefu wa muda mrefu wa kuzunguka: mwaka 1983, Wasovieti walipokuwa hawaipi ruhusa ya kuvuka anga lao, Finnair ilianza kuruka moja kwa moja hadi Tokyo kwa kupitia ncha hiyohiyo, kwa DC-10 zilizoongezewa matangi ya mafuta. Na rubani naye hajauacha upepo. Upepo wa juu hutoka magharibi, kwa hiyo wa kwenda Tokyo husukumwa nao, na wa kurudi hupambana nao. Tofauti na nahodha, haungoji: huchagua njia, kisha huondoka.

Ni rahisi kusema hapa kwamba kaskazi haikuwa na upendeleo, ilhali Siberia ina wake: ndege za mashirika ya China zingali zinapita pale wanapozuiwa Wafini. Kwa upepo wenyewe, ni kweli. Kwa bahari iliyobebwa na upepo huo, historia inakataa. Karne ya 19 manowari za Uingereza zilisimamisha majahazi kutafuta watumwa, na watumwa kweli walikuwamo katika baadhi. Baadhi ya manahodha wa Sur, kusini mwa Maskati, wakatweka bendera ya Ufaransa, nchi iliyokataa vyombo vyake kupekuliwa na Waingereza. Mzozo huo ulifika Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague, na hukumu ya Agosti 1905 iliubana utaratibu huo bila kuufuta kabisa. Hivyo majahazi mawili ya Sur yaliweza kung'oa nanga siku moja, kwa kaskazi moja, yakielekea bandari moja; lenye bendera ya Ufaransa likaendelea na safari, na mwenzake akatua tanga kungoja wapekuzi.