Namna mbegu zinatembea mu pori la Lualaba, na ua la shaba lisiloenda mbali

Mu mwezi wa 9, jua likiwa kali na mvua haijaanza, mtu anayepita mu pori pembeni ya Kolwezi anasikia kitu kinapasuka juu ya kichwa: pa! Kisha kuna kitu kinaanguka mu majani makavu. Hakuna mtu anayerusha mawe. Ni maganda ya mutondo na muputu yanapasuka.

Ganda la miti ile iko na pande mbili ngumu kama ubao. Likikauka, kila upande unataka kujipinda, lakini pande zote mbili bado zimeshikana. Nguvu inaongezeka kila siku ya jua, mpaka siku moja zinaachana mara moja na mbegu zinarushwa. Nyingi zinaanguka karibu, na hata zile zinazorushwa vizuri hazipiti sana metre 20 kutoka kwa mti mama.

Hesabu hiyo ya metre 20 inaeleza mambo mengi ya Lualaba. Mbegu za miti hiyo hazilali mu udongo kungoja miaka. Mvua za kwanza zikinyesha zinaota, au zinaoza, au zinaliwa na panya. Kwa hiyo udongo hauna akiba. Fasi wachoma makala wamekata mti na kuacha kisiki, pori linarudi, kwa sababu kisiki na mizizi vinatoa machipukizi mapya. Lakini fasi mashini imeng'oa visiki na kupeleka udongo wa juu, hakuna kitu cha kuchipuka. Mbegu zinapaswa kutoka ukingoni, metre 20, kisha kungoja mti mpya ukomae miaka mingi, kisha metre 20 tena. Kariere ya kilometa moja haifungiki kwa mwendo huo.

Mukula na mulombwa, ambayo ni ndugu, iko na namna nyingine. Tunda lao ni bapa, mbegu iko katikati, na pembeni kunazunguka bawa jembamba kama karatasi. Ile ya mulombwa inaongeza miiba katikati. Tunda likiachia tawi, bawa linalichelewesha kuanguka na upepo unapata muda wa kulisukuma. Lakini upepo hauwezi kuleta mbegu kutoka fasi ambapo mukula zimeisha. Wakataji wanachagua mashina makubwa, na mashina makubwa ndiyo yanayozaa sana. Mu miaka ya 2010 mukula ilikatwa mno mu Katanga ya zamani, malori yakaibeba kupitia Zambia, na mwisho wa safari ulikuwa Uchina. Mwaka 2019 nchi za mkataba wa CITES ziliingiza mti huo mu orodha ya ile isiyoweza kuuzwa nje ya nchi bila ruhusa.

Kuna miti inayolipa usafiri wake. Masuku na mupundu zinatoa nyama tamu ya tunda ili mnyama ale na kupeleka kokwa mbali. Hapo zamani tembo walifanya kazi hiyo kwa mupundu. Siku hizi nyani, popo na ndege wanabaki, pamoja na watoto wanaokula masuku njiani na kutema mbegu. Ndiyo maana mapera yanaota nyuma ya nyumba bila mtu kuyapanda. Ile mimea inayoshika suruali, yenye mbegu nyeusi nyembamba na meno mawili au matatu kwenye ncha, hailipi kitu. Ilitoka Amerika na inatembea bure kwa nguo za watu na manyoya ya mbuzi.

Sasa, vile vilima visivyo na miti. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, kwa urefu wa kilometa 300 hivi, kuna zaidi ya vilima 100 ambavyo udongo wake uko na shaba na kobalti nyingi. Miti ya pori haivumilii sumu hiyo, kwa hiyo kilima kinabaki na majani mafupi tu na maua, kinaonekana kutoka mbali kama kichwa chenye upara. Watafuta shaba wa zamani walikuwa wanajua dalili hiyo, na wazungu wa migodi nao waliifuata. Wanabotaniki Paul Duvigneaud na François Malaisse walitumia miaka mingi kuandika mimea ya vilima hivyo. Aina zaidi ya 500 zimehesabiwa, na karibu 30 kati yake haziko fasi nyingine yoyote duniani.

Mimea mingi ya aina hiyo iko na mbegu ndogo sana, bila bawa, bila miiba, bila tunda la kuita ndege. Inaanguka chini ya mama yake. Mvua ikiisukuma mpaka mu pori, inakutana na kivuli na majani marefu yanayoishinda. Kila kilima ni kama kisiwa mu ziwa, na mbegu hazijui kuogelea. Kuna ua moja, *Crepidorhopalon perennis*, linalojulikana kwenye fasi moja tu, mgodi wa Étoile karibu na Lubumbashi, ambapo uchimbaji wa kisasa ulianza mwaka 1911.

Ua la shaba lenyewe, *Haumaniastrum katangense*, lenye rangi ya zambarau, lilipata bahati. Wahenga walipoyeyusha malakiti kutengeneza misalaba ya shaba, walitawanya mawe na takataka za tanuru mbali na vilima. Ua likafuata. Mpaka leo linaota fasi udongo umechafuliwa na shaba, na wataalamu wa mambo ya kale wamelitumia kutafuta matanuru yaliyosahaulika. Mtu ndiye amekuwa upepo wake.

Mimea mingine ya vilima haijafuata. Kilima kikichimbwa, mama na mbegu vinaondoka pamoja mu lori, na hakuna kilima jirani cha kuleta nyingine. Ndiyo sababu mu eneo la Tenke na Fungurume, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Gembloux, Ubelgiji, pamoja na kampuni ya mgodi, wamejaribu njia mbili. Ya kwanza ni kukata udongo wa juu pamoja na mizizi na mbegu zake, kabla mashini haijaingia, na kuulaza fasi nyingine yenye udongo wa shaba. Ya pili ni kukusanya mbegu kwa mkono. Sehemu ya mbegu za vilima vya shaba imekaushwa na kuwekwa mu baridi kali kwenye bustani ya mimea ya Meise, karibu na Bruxelles. Huko wamegundua kwamba si zote zinaota kwa urahisi: kila aina inataka joto lake na mwanga wake, na nyingine zinakataa mpaka mtu apate namna ya kuziamsha.