Kituo Kisichoguswa

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwapa habari za mchezo mmoja uliochezwa New York, katika nchi ya Marekani, tarehe 23 Septemba 1908. Mchezo wenyewe huitwa besiboli. Mpigaji huupiga mpira kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Akifika salama cha mwisho, ndicho cha nyumbani, upande wake hupata alama moja. Watu watatu wakitolewa, zamu ya upande ule imekwisha.

Siku ile Giants wa New York walikabiliana na Cubs wa Chicago, watu wa mshahara wote. Hata zamu ya tisa, ndiyo ya mwisho, pande zote mbili zilikuwa na alama moja moja, na wenyeji walikwisha kutolewa watu wawili. McCormick alikuwa kituo cha tatu. Cha kwanza alikuwapo Fred Merkle, kijana wa miaka 19, aliyewekwa kwa kuwa mwenye nafasi ile aliumwa mgongo. Bridwell akaupiga mpira, McCormick akafika nyumbani, na watazamaji wakamiminika uwanjani kwa furaha. Merkle alipouona umati akageuka kwenda zake, asiguse kituo cha pili.

Sasa sheria ilisemaje? Mpigaji akija kituo cha kwanza, aliyekuwapo hana budi kuhamia cha pili. Mpira ukitangulia kufika huko, ametolewa; naye akiwa ni wa tatu, alama haihesabiwi. Lakini desturi ilikuwa nyingine: mchezo ukiisha namna ile, wengi hawakujisumbua kukimbia, na waamuzi walifumba macho. Johnny Evers wa Chicago hakufumba. Tarehe 4 Septemba, huko Pittsburgh, alikuwa amelalamika juu ya jambo lilo hilo kwa mwamuzi Hank O'Day, asisikilizwe. Na mwamuzi wa New York alikuwa ni yeye O'Day! Evers akaitisha mpira (kama ulikuwa ule ule, watu hubishana hata leo), akakanyaga kituo. O'Day akaamua kwamba Merkle ametolewa, na mchezo ukawa sare.

Mwisho wa msimu pande hizo zikalingana, zikarudiana tarehe 8 Oktoba. Cubs wakashinda 4 kwa 2, kisha wakawashinda Detroit wakawa mabingwa; ubingwa huo hawakuupata tena mpaka 2016.

Magazeti yakampachika Merkle jina la mpumbavu, likamfuata maisha yake yote. Sisi twaona hukumu ilikuwa halali, bali lawama haikumstahili yeye peke yake. Baada ya siku ile Giants walishindwa mara tatu katika siku tano na mrushaji mmoja wa Philadelphia, Harry Coveleski. Mbona hayo hayasemwi sana? John McGraw, mkuu wao, hakumlaumu kijana yule, akaendelea kumchezesha hata mwaka 1916.