Mwaka wa Tano, Hapo Lugha Inapogeuka

Ndugu zetu, safari hii tumeamua kuandika juu ya darasa moja tu. Si diplome, si chuo kikuu, vitu ambavyo watu wa mashirika wanatuuliza kila wakikaa na sisi. Ni mwaka wa tano wa shule ya msingi. Hapa Buja wanauita umwaka wa gatanu kwa Kirundi, cinquième kwa Kifaransa. Ukizunguka Buterere, Bwiza, Kinama au Musaga na kuuliza wadogo zetu wakimbizi walikwama wapi, wengi watakutajia huo huo. Na wengine, ajabu, watakwambia huko ndiko waliamka. Juu ya nini mwaka huo na si mwingine? Jibu liko kwenye historia, na historia hiyo wengi wetu hatukufundishwa, si kule Kongo wala hapa.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye shule za serikali ya Burundi mtoto anasomeshwa kwa Kirundi toka wa kwanza mpaka wa nne. Hesabu kwa Kirundi, mazingira kwa Kirundi. Kifaransa anakijua kama somo, kina saa yake, saa ikiisha kimeisha. Akipanda wa tano, mambo yanabadilika: sasa Kifaransa ndio lugha ya kufundishia, Kirundi ndicho kinabaki somo. Sehemu, eneo la mstatili, viungo vya mwili, wafalme wa Burundi, vyote vinakuja kwa Kifaransa. Kiingereza na Kiswahili navyo vimo kwenye ratiba. Mtoto wa miaka 11 ana lugha nne kwenye begi moja, na wakati mwingine begi lenyewe ni mfuko wa plastiki.

Watu wazima wa hapa wataongeza kwamba zamani wa tano ulikuwa na uzito mwingine: ulikuwa mlango wa wa sita, na mwisho wa wa sita kulikuwa na mtihani wa taifa, ule concours, uliowachuja watoto. Aliyeshindwa alirudia, akishindwa tena alirudi shambani. Mwaka 2013 yakaja mageuzi ya shule ya msingi ya miaka 9, école fondamentale, na mtihani mkubwa ukasogezwa mpaka wa tisa. Wa tano ukawa mwanzo wa mzunguko wa tatu, pamoja na wa sita. Hofu ya concours ilipungua pale. Hofu ya lugha haikuondoka.

Sasa turudi nyuma. Wajerumani walipoweka kambi yao ya jeshi Usumbura, mwishoni mwa karne ya 19, mji huu ulikuwa bado kijiji cha ukingoni mwa ziwa. Waliokuja nao na waliowakuta, askari, wachukuzi, wafanyabiashara wa Ujiji, walikuwa wanasema Kiswahili. Wajerumani wenyewe walikitumia kwenye utawala wao kote Afrika Mashariki. Wakati huo huo Mapadri Weupe walikuwa wameshafungua misheni bara, Muyaga mwaka 1898 na Mugera 1899, na hao walishika Kirundi kwa sababu walitaka kufundisha dini kwa lugha ya mama. Kwa hiyo toka mwanzo kulikuwa na lugha ya mji na lugha ya misheni.

Wabelgiji waliingia mwaka 1916, na mwaka 1925 wakaifunga Ruanda-Urundi kiutawala na Kongo yao. Kiswahili hawakukipenda sana huku. Kilinuka Uislamu na Ujerumani kwao. Shule waliziachia zaidi wamisionari. Mtoto wa kawaida alipata kusoma na kuandika kwa Kirundi, na katekisimu. Kifaransa kilikuwa cha wachache, hasa watoto wa machifu waliopelekwa Astrida, Rwanda, kwenye Groupe Scolaire. Prince Louis Rwagasore alipita pale. Na watoto wa Buyenzi? Wazazi wengi Waislamu waliiona shule ya misheni kama njia ya kubatizwa, wakawaacha watoto kwenye madrasa. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, mtaa uliosema Kiswahili kuliko wote ulichelewa kwenye shule kuliko wote. Haikuwa uvivu, kama wengine wanavyopenda kusema mpaka leo. Watu hao hao wa Buyenzi na Bwiza walimuunga mkono Rwagasore kwa nguvu kabla hajauawa Oktoba 13, 1961, miezi michache kabla ya uhuru.

Baada ya uhuru wa Julai 1, 1962, Kifaransa kikaendelea kuwa ngazi ya kupandia. Kisha ikaja 1972, mwaka ambao walimu, wanafunzi na watu waliosoma waliuawa kwa wingi, na maelfu wakakimbilia Tanzania. Mwaka uliofuata, 1973, serikali ikatangaza kwamba shule ya msingi itasomesha kwa Kirundi na itafundisha mambo ya kijijini, kilimo na mifugo. Wazo la lugha lilikuwa zuri. Mtoto anaelewa hesabu kwa lugha anayoiota, hilo hata sisi hatulipingi. Lakini sekondari na ofisi zilibaki za Kifaransa, kwa hiyo ilibidi daraja liwekwe mahali fulani. Mpangilio uliokuja kukaa ni ule tuliousema: miaka minne Kirundi, kisha Kifaransa. Wa tano ndio daraja, na daraja lina urefu wa darasa moja.

Wa kwanza kuanguka kwenye daraja hilo wakitoka nje hawakuwa Wakongomani. Walikuwa Warundi. Wale waliokimbia 1972 walikaa Tanzania kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na watoto na wajukuu wao wakasoma shule za Tanzania kwa Kiswahili. Kuanzia 2008 maelfu yao wakarudi Burundi. Mtoto alikuwa Mrundi kwa baba na mama, ila darasani alikuwa mgeni: Kirundi cha nyumbani tu, Kifaransa hakuna kabisa. Wenzao waliozaliwa kwenye kambi za miaka ya 1990 walikuwa na bahati tofauti, kwa sababu kambini shule zilifuata programu ya Burundi. Watoto wa kabila moja, nchi moja ya ukimbizi, na programu ndiyo iliamua nani atakaa dawati gani.

Ndicho kinachotupata sisi. Kwenye kambi za huku, kama Musasa, Bwagiriza au Kavumu, shule zimefuata programu ya Kongo, na mtoto wa tano anajiandaa kwa mtihani wa Kongo wa mwisho wa wa sita. Mjini hakuna hilo. Ukikaa Buja unaingia shule ya jirani, ya Warundi. Kila njia ina faida yake. Tuwaambie ukweli ndugu wa mashirika: ile ya mjini tunaipenda zaidi, kwa sababu inatupa marafiki. Lakini hakuna aliyetuandalia kuingia.

Mtoto aliyetoka Uvira au Bukavu, kwa utaratibu wa Kongo, ameanza na Kiswahili wa kwanza na wa pili, na Kifaransa kuanzia wa tatu. Mlete Bujumbura akiwa wa tatu: hasikii kitu, kila neno ni Kirundi, na akijaribu kulisema wenzake wanacheka kwa sababu Kirundi kinapanda na kushuka sauti, na yeye anakisema kimelala. Mlete wa tano, unafikiri atapumua, si Kifaransa sasa? Anapumua kweli, asubuhi ya kwanza. Ubaoni anasoma vizuri kuliko jirani yake. Hata namba zinafanana: hapa kama Kongo watu wanasema septante na nonante, si soixante-dix na quatre-vingt-dix za Ufaransa, kwa sababu mwalimu wa wote alikuwa Mbelgiji mmoja.

Halafu mwalimu anafunga kitabu na kuanza kueleza, kwa Kirundi.

Hatumlaumu. Ana watoto wengi, wengine wamebanana wanne kwenye benchi, shule nyingi zinagawa siku mbili, kundi la asubuhi na kundi la mchana. Toka serikali ilipofuta minevali ya shule ya msingi mwaka 2005, madarasa yalifurika, na ijapokuwa wananchi walijenga shule nyingi kwa kazi za jumuiya za Jumamosi, watoto waliongezeka kuliko kuta. Mwalimu akieleza kwa Kifaransa peke yake, nusu ya Warundi wanabaki nje. Akieleza kwa Kirundi, wetu ndio wanabaki. Kwa hiyo wa tano kwenye karatasi ni wa Kifaransa, mdomoni ni wa Kirundi, na mtihani unarudi kwa Kifaransa. Mtoto mkimbizi anashika mwanzo na mwisho, katikati anakisia.

Kwenye historia ni hivyo hivyo. Anajifunza Mwezi Gisabo na mkataba wa Kiganda wa 1903 na Wajerumani. Nyumbani baba anamsimulia Lumumba na Juni 30, 1960. Nchi hizi mbili zina sikukuu za uhuru zinazofuatana, Juni 30 na Julai 1, zikigawanywa na Rusizi tu, na hatujaona darasa linalowaambia watoto hivyo.

Tatizo kubwa zaidi linatokea kabla ya kuingia darasani, nalo ni hili la kurudishwa nyuma. Februari 2025, Bukavu ilipochukuliwa, maelfu ya familia walivuka Rusizi wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Ilikuwa katikati ya mwaka wa shule. Nani alibeba bulteni? Binti mmoja tunayemjua alikuwa wa sita kule. Shule iliyompokea ilimuuliza maswali kwa Kirundi, akanyamaza, akaandikwa wa nne. Miaka miwili ilikatwa siku hiyo, naye alikuwa anajua kugawanya sehemu. Mwaka mmoja baadaye yuko wa tano, ana miaka 14, mrefu kuliko wote, anakaa nyuma.

Kwa hiyo nyinyi mnaokwenda na watoto kuandikisha, ombeni jambo dogo: hesabu waulizwe kwa lugha waliyosomea. Mtu wa Kiswahili hakosekani Bujumbura, hata mlinzi wa geti anakisema. Kirundi wapewe muda, wao ni watoto, kitaingia.

Na nyinyi wadogo zetu mnaochekwa, chunguzeni begi la huyo anayewacheka. Shule kwa Kirundi ni ishure. Neno hilo lilitoka kwenye shule yetu, nayo tuliipata kwa Mjerumani. Kalamu ni ikaramu. Kitabu ni igitabu. Daftari ni ikaye, hilo amepewa na Mfaransa, na sisi Wakongomani tunasema kaye vile vile. Nusu ya alichobeba alikikopa kwa Waswahili wa Buyenzi na Ujiji kabla babu yake hajaingia darasani.

Jumamosi mchana kikundi chetu kinakaa na watoto wa tano, Warundi na Wakongomani pamoja. Mkongomani anasoma tatizo la hesabu kwa Kifaransa, Mrundi anaeleza mwalimu alisema nini, wanabishana kwa Kiswahili, jibu linaandikwa. Juzi walikuwa kwenye bei ya kilo tatu na nusu za mchele. Walikubaliana jibu, wakakosana juu ya bei, kwa sababu sokoni hakuna mchele wa bei hiyo.